Swichi ya Siri Chini ya Usukani

Nimeumbuka leo. Saa nne asubuhi, hapa Ukunda, mbele ya fundi wa umeme wa magari, wifi yangu, na bibi mmoja ambaye nitamkwepa maisha yangu yote. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na watu.

Kaka yangu Juma aliniazima gari lake nikachukue nguo kwa fundi cherehani. Mpwa wetu anaolewa leo Msambweni, nikaha baada ya adhuhuri, na sare za wasichana wote zilikuwa bado ziko dukani. Gari la Juma ni jeupe, la kubebea mizigo, yale ambayo Ukunda yamejaa kuliko kunguru. Nikaegesha mbele ya duka, nikaingia. Mifuko ilikuwa mingi, fundi cherehani akanitoa kwa mlango wa ubavuni. Nikafungua gari, nikapakia, nikatia ufunguo, nikauzungusha.

Kimya.

Taa za dashibodi zinawaka. Honi inalia (niliipiga kwa hasira, mwenye mkokoteni akaruka). Injini haitoi hata kikohozi. Nikampigia Juma, nikamwambia ameniazima gari bovu kwa makusudi. Akasema ni zima, jana amekwenda nalo Vanga na kurudi. Nikamwambia asinifanye mtoto. Nikakata simu.

Nikamwita Kyalo, fundi wa umeme mwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Ni mtu mpole, amekuja huku kutoka Machakos, hana maneno mengi. Akapima betri kwa mita yake: nzima. Akavisugua vichwa vya betri, akavikaza. Kimya. Akatoa fyuzi moja moja, akizitazama juani. Zote nzima. Kisha akaingia chini ya gari, akaniambia nizungushe ufunguo huku yeye ameshika mita kwenye waya wa stata, mota inayoamsha injini.

"Mama, stata iko sawa," akasema kutoka huko chini. "Moto ndio haufiki. Huu waya umekatwa mahali."

Nikamwambia autafute, na haraka. Mama wa bi harusi alikuwa ameshanipigia mara tatu. Mara ya nne alikuwa analia.

Ili aufuate waya ilibidi afungue plastiki ya chini ya usukani, akaniomba nitoe vitu vilivyomzuia miguuni. Nikapapasa chini ya kiti. Nikatoa viatu vya kike. Vyekundu, vyenye visigino, vimefungwa ndani ya leso ya kujifunga inayonukia udi.

Mwanaisha, mke wa Juma, havai visigino. Ana goti linalomsumbua tangu mtoto wa pili.

Hapo hasira za gari zikawa ndogo. Nikampigia Juma tena, nikamuuliza viatu hivi ni vya nani. Akaniuliza viatu gani. (Jibu la mwenye hatia, nikajiambia.) Nikamkatia, nikampigia Mwanaisha. Ningeweza kungoja. Sikungoja. Aliuliza tu niko wapi hasa. Alifika kwa bodaboda kutoka Tiwi, macho mekundu, akavichukua viatu mkononi mwangu bila hata salamu.

Kyalo akachomoa kichwa. "Nimepata. Kuna swichi ya siri hapa chini ya usukani. Mwenye gari amekata waya wa stata akaupitisha hapa, ndiyo mwizi asiondoke nayo. Kwani hukuambiwa?"

Nikawaka upya. Juma anaficha swichi, Juma anaficha mwanamke, mimi natumwa mjini kama punda. Niliyasema yote hayo kwa sauti, na wenye maduka wakatoka kusikiliza. Kyalo akabonyeza swichi, akazungusha ufunguo. Gari likanguruma mara moja.

"Asalaam aleikum," sauti ikasema nyuma yangu. "Wanangu, mwaenda wapi na gari langu?"

Nikageuka. Bibi wa miaka sabini hivi, buibui safi, mfuko wa dawa mkononi, malapa miguuni. Akaitazama ile plastiki iliyofunguliwa, akamtazama Kyalo, kisha Mwanaisha.

"Na hivyo viatu ni vyangu, mama. Hunibana nikiendesha."

Nikatazama mbele ya duka. Gari la Juma lilikuwa palepale nilipoliacha.

Kyalo alieleza kwa upole kwamba magari haya yakizeeka kufuli zake hulika, ufunguo wa moja ukafungua jingine. Alieleza akitazama chini, na upole wake ukaniuma kuliko matusi. Mimi nilipata neno moja tu. Nikasema shikamoo.

"Marahaba," akasema bibi. "Swichi hiyo niliifunga kwa sababu ya wezi. Leo nimeona yafanya kazi."

Mwanaisha akavirudisha viatu kwenye leso, akaifunga vizuri, akampa bibi kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Kisha akanigeukia.

"Wifi, njia nzima nimekuja nikiwaza watoto wangu nitawapeleka wapi."

Tukahamisha mifuko, gari la Juma likawaka kwa mzunguko mmoja, tukaondoka. Tulipopita Gazi, Mwanaisha akasema kwamba Juma nitamweleza mimi mwenyewe, na yeye akiwepo.

Nguo zilifika. Bi harusi ameolewa. Juma nimemweleza kando ya masufuria ya pilau, kila neno, Mwanaisha akisikiliza. Nilipomaliza, Juma akanyoosha mkono nimpe ufunguo wake, akaenda kula.

Sasa niko nyumbani. Hasira zangu bado ninazo zote. Nimekosa tu wa kumpa.