Koleo la Yasinta

Jumatatu, 3 Juni
Mnunuzi wa Moshi kapiga simu. Jumamosi anakuja hapa Manundu, Korogwe, na lori. Atachukua nguruwe wa banda moja tu, lile ambalo bwana mifugo ataandika kwamba kinyesi chake hakina mayai ya minyoo. Ni mimi au jirani yangu Yasinta. Wangu arobaini wamebanana kwenye saruji, matumbo ya mviringo, mbavu nje. Leo mmoja katoa minyoo kama tambi. Dawa ipo, lakini nikiwapa lazima nisubiri wiki nne ndipo wachinjwe. Nina siku tano! Pumba zimebaki magunia mawili. Wasipoondoka watakula nini?

Jumanne, 4 Juni
Bwana mifugo, Ukasha, kaacha kopo kwangu na kopo kwa Yasinta. Kila mtu ajaze mwenyewe. Ajaze mwenyewe! Nguruwe wa Yasinta wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Nikaenda kuazima koleo. Akauliza kama langu limeliwa na nguruwe. Alipoingia ndani kulichukua, nikachota kwenye lundo la kinyesi lililo nje ya ukuta wake. Kilichozidi nimemwaga bandani kwangu, ili Ukasha akija kukagua harufu ilingane. Mke wangu Grasiana kauliza kwa nini shati la kanisani linanuka. Nikasema jasho. Akasema basi nikamwone daktari.

Jumatano, 5 Juni
Nimepeleka kopo. Ukasha, glovu hadi kwenye kiwiko, akauliza ni cha nguruwe yupi. Nikasema Malkia, jike langu kubwa. Akaliinua kwenye mwanga. Akalitazama muda mrefu mno.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwisha! Ukasha anasema mayai mengi hivyo kayaona mara moja tu: wiki iliyopita, kwa nguruwe watatu ambao Yasinta kawanunua Handeni na kuwatenga nje ya ukuta.

Nje ya ukuta.

Yasinta alikuwepo, kafuata karatasi yake safi. Akalitazama shati langu. Akasema, Baba Fausta, si ungeomba tu, ningekupa debe zima. Ukasha akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Jumamosi, 8 Juni
Lori limeondoka na nguruwe wa Yasinta. Mnunuzi atarudi Agosti. Ukasha kaja mwenyewe kupima wangu, akakikuta kile nilichomwaga. Kasema niwape dawa leo, nisugue sakafu, na nisiingize tena kinyesi cha nguruwe wa watu bandani, maana sasa wana minyoo ya Korogwe na ya Handeni. Nimeitikia kila neno. Yasinta kaniletea gunia la pumba. Anatafuta nini huyu?

Dawa nimeiweka juu ya kabati, isiharibike. Koleo nimerudisha. Nimeona vizuri: lundo la nguruwe wake wazima liko ndani ya ukuta, kushoto, karibu na mpapai. Na mlango wa nyuma haufungiki. Agosti nitaazima reki.