Uzinduzi wa Daraja la Maabara na Wodi

Ndugu mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe niliye mganga mkuu wa hospitali hii, wakuu wa idara na makaimu wao, wadau wa maendeleo, wauguzi, wagonjwa mliokuja kwa miguu na mlioletwa kwa machela, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo tunazindua Daraja la Kidijitali. Kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kusoma ng'ambo kama mimi, nifafanue: programu ya maabara iliandikwa kwa lugha ya zamani ya kompyuta, ya wodini ikaandikwa kwa lugha mpya, na hizo mbili zilikuwa zimenuniana kama wake wenza. Sasa, kutokana na maono yangu, pamoja na semina zangu za nje, programu ya wodini inaiita ya maabara moja kwa moja, inaikabidhi namba ya mgonjwa na kurudishiwa majibu papo hapo, bila hata mstari mmoja wa ile ya zamani kuandikwa upya! Ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini. (Makofi. Mtu anacheka, anajifanya kukohoa.)

Naam, mama mwenye mtoto mgongoni? (Sauti: "Mheshimiwa, majibu ya damu ya mwanangu hayajafika tangu asubuhi. Daktari anasema bila majibu hampi dawa. Mtoto anaungua kwa homa!") Kaa chini, mama. Majibu yako yamo ndani ya mchakato. Wapo wanaoeneza kwamba daraja hukwama saa ya chakula. Umbea mtupu! Kompyuta inakula? (Minong'ono.)

Nihitimishe. Maabara oyee! (Oyee, hafifu.) Wodi oyee! (Kimya.) Kwa namna ya pekee namshukuru dada karani, ambaye tangu mradi uanze amekaa nyuma ya pazia hili, kompyuta moja kulia, nyingine kushoto, anasoma majibu huku, anayachapa kule. Dada, simama watu wakuone! (Pazia linavutwa. Kompyuta mbili, kiti kitupu.) Yuko wapi?

(Sauti kutoka meza kuu: "Niko hapa, mheshimiwa. Mliagiza nije niwamiminie maji wageni.")

Ahaa. Basi nijazie na glasi hii.

(Mama anamshika karani mkono. Birika linabaki mezani, wao wanakimbilia kompyuta.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama mnavyojionea wenyewe, daraja limeanza kufanya kazi. Makofi, tafadhali!