Hofu Yangu ya Kupanda Ndege

Jumatatu, 3 Machi
Miaka miwili na mwezi mmoja tangu mke wangu aende ng'ambo kuuguza wazee. Jana kwa simu akasema amepata chumba kikubwa, na upande wa kitanda ulio dirishani ni wangu. Tiketi ameshanikatia, ya Jumamosi ya wiki ijayo. Na mimi ndege nikiiona tu angani, naingia ndani na kufunga mlango!
Dawa nimeipata: daktari wa mtandaoni. Anakuzoesha hofu ngazi kwa ngazi, kwanza picha, halafu mlio, halafu video ya ndege ikipaa, huku anakutazama kwenye simu. Kila mara unataja hofu yako, sifuri mpaka kumi. Ikizidi tatu, huvuki ngazi hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Picha ya ndege imeegeshwa. Imeegeshwa, jamani! Hofu: tisa. Daktari akasema tusiwe na haraka. Yeye haraka ya nini? Mkewe nilimsikia nyuma yake akiosha vyombo.
Shemeji akapita karakana yangu ya makochi. Ni kaka wa mke wangu. Tangu apande ndege mara moja, safari ya saa nzima, hana hadithi nyingine. Mtaani wanamwita Rubani, naye anaitika! Akauliza kama bado nakimbia picha. Nikamwambia aniache, nina kochi halina mguu.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe! Anayetaja namba ni nani? Mimi! Picha: moja. Mlio: moja, sponji ya kochi masikioni, kofia juu. Daktari hajawahi kuona mgonjwa mwepesi hivi. Mjanja ni mjanja tu.

Jumapili, 9 Machi
Video. Simu niliiegesha chini ya picha yetu ya harusi, macho yangu yakawa kwa mke wangu tu. Machozi yakanilengalenga. Daktari akasifu ujasiri wangu. Hofu: sifuri! Cheti nimepewa, nikamtumia mke wangu. Akapiga vigelegele kazini mpaka wazee wake wakauliza kuna nini. Nilitamani nimshike hata kidole kimoja.

Jumamosi, 15 Machi
Safu ya kumi na saba. Mkanda kiunoni, sponji masikioni. Mlango ukafungwa. Sakafu ikaanza kutetemeka. Hakuna picha ya harusi, kuna bawa! Nikapiga kelele niteremshwe. Mhudumu akaniita baba, akanishika mkono kama ninayefundishwa kutembea. Aibu gani hii!
Nikaitazama ndege ikipaa na kiti changu kitupu. Shemeji Rubani, aliyenisindikiza, alikuwa bado uwanjani, anakula njugu. Akasema alijua, ndiyo maana hakuondoka. Mke wangu nilishindwa kumpigia.

Jumapili, 16 Machi
Amepiga yeye. Alikwenda kunipokea, kavaa gauni la bluu. Alisubiri mpaka abiria wa mwisho, mpaka wafagiaji. Nikamwambia yote. Hakugomba. Bora angegomba. Aliuliza tu kwa nini nilidanganya. Ningesema kweli, angekuja yeye. Sasa zamu yake ya likizo amempa mwenzake, kwa kuwa mimi nilikuwa nakwenda. Halafu akasema amenikumbuka mno, mpaka amechoka kukumbuka. Nililia kama mtoto. Nimeapa: uongo basi!

Jumatatu, 17 Machi
Tumeanza upya. Mke wangu ameisogeza tiketi mpaka mwisho wa mwezi, haisogei tena. Daktari akanionya: safari hii ukweli mtupu. Nikasema haki ya Mungu.
Akaleta picha ya ndege ileile, imeegeshwa. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikawaza: nikisema tisa, mwezi utaishia kwenye picha, na mke wangu atazidi kulala peke yake kule. Daktari akauliza hofu ni ngapi.
Nikamwambia moja.