Rundo Lisilogawanyika

Jumatano, 20 Agosti. Muhuru Bay.
Shangazi Nyasuguta ameniachia omena zake zote, dagaa wa ziwani, nizikaushe. Zikikauka, mimi ndiye mtu wake wa biashara. Zikioza, Jumatatu narudi kidato cha pili. Dume la miaka kumi na tisa, nivae kaptura!

Hazitaoza. Nina sayansi. Binamu Irine, anayesomea kazi ya maabara, alinieleza kidole nilichokatwa na bati kiliacha vipi kutoa damu. Ati ndani ya mfupa mna seli za kutengeneza damu. Seli ya kawaida hunakili kromosomu, halafu hugawanyika. Protini moja huamuru nakili, nyingine huamuru gawanyika. Lakini kuna seli moja sugu! Amri ya kunakili inarudi na kurudi, ya kugawanyika inakatizwa njiani. Seti nne, nane, kumi na sita. Seli inakuwa jitu! Irine akataka kunieleza mwisho wake. Mwisho wa nini? Nikaondoka.

Alhamisi, 21 Agosti.
Wenzangu wanatandaza omena kwenye nyavu, nyembamba kama shuka. Washamba! Mimi sigawanyi, nalundika. Jirani Mniko akauliza nazika nani. Nikamwambia anyamaze, anaongea na protini. Kila beseni likifika: nakili! Jioni rundo limenifika kifuani, linatoa mvuke. Liko hai!

Ijumaa, 22 Agosti.
Harufu. Korongo saba wametua. Mniko amejifunga leso puani, anaimba wimbo wa mazishi.

Shangazi akaja mbio, Sabato inakaribia. Akachovya mkono kwenye rundo. Likapasuka, likateremka hadi kwa kuku wa watu. Yeye Msabato, hatukani. Aliimba ubeti mzima, kisha akauliza sare yangu iko wapi.

Irine anacheka mpaka analia. Ati huo ndio mwisho wenyewe: jitu hupasuka vipande elfu, na ndivyo vilivyoziba kidole changu. Si angesema mapema!

Jumatatu, 25 Agosti.
Kaptura inabana. Mwalimu wa bayolojia akatuambia tugawanyike, makundi manne ya watu wanne. Tugawanyike? Mbele yangu? Nikaamuru wote kumi na sita tukae benchi moja.

Benchi likavunjika. Vipande kumi na sita tumetumwa nyumbani kuita wazazi.

Kosa nimeliona: benchi lilikuwa dogo. Kesho naongeza darasa jingine. Thelathini na wawili!