Bastola Isiyotuna

Serikali ya Kaunti ya Larkspur, Texas, inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo la bastola kuchoma mbavu za watumishi wake limekwisha. Limekwisha kisayansi na kwa kufuata taratibu zote. Mimi, Denton Ogle, Katibu wa Kudumu wa Kamati ya Starehe ya Ubebaji wa Siri, nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na naandika haya ili wale wa kaunti ya jirani wanaotucheka waupate ukweli kutoka kwa mtu anayeujua.

Kwetu kila mtu mzima ana bastola kama alivyo na mswaki. Hilo halina mjadala. Mjadala ni mahali pa kuiweka. Jaji Royce Haverty, ambaye kwa cheo hicho cha ujaji ndiye mkuu wa kaunti yetu ingawa kesi anaziona kwa nadra, alichaguliwa kwa ahadi moja: kila mtumishi wa kaunti atakuwa na bastola mwilini saa zote za kazi, na raia hataweza kujua iko wapi. Mhalifu akiingia ofisini asijue aanze kumwogopa nani. Watu walimpigia kura wakiwa wamesimama. Naye tangu siku hiyo amevaa koti lake la kijivu, halivui hata mwezi wa nane lami inapoyeyuka barabarani, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe akipapasa kiuno, humo ndani kuna kitu.

Aibu ilitupata Siku ya Uhuru. Gazeti la mji lilichapisha picha ya Bi Wynona Teague, mhudumu wa dirisha la namba za magari, akikata keki ya kaunti, na ubavuni mwa gauni lake palikuwa pametuna. Tena si kutuna kwa kubahatisha. Mshiko ulionekana, mdomo ulionekana, kilichokosekana ni jina la kiwanda tu. Wa kaunti ya jirani waliikuza ile picha wakaibandika ukutani kwenye baa yao, na siri ya serikali yetu ikawa inatazamwa na walevi.

Jaji alichukua hatua mara moja. Aliunda Kamati, akanipa ukatibu, na akatangaza kanuni: mtumishi ambaye bastola yake itaonekana au kuhisiwa, na akashindwa kujirekebisha, ataondolewa ofisini na kuhamishiwa kibanda cha mizani kwenye dampo la taka. Pale hakuna kiyoyozi. Kuna vumbi na kunguru.

Bi Wynona ana pumu. Kila mtu anajua hilo, maana kipulizio chake hukaa pale dirishani karibu na sahani ya peremende. Alipoisikia kanuni aliniuliza kwa sauti ndogo, "Denton, mwanangu, dampo la kweli?"

"Dampo la kweli, Bi Wynona. Lakini usiogope, utaratibu utakuwa wa haki."

Na ulikuwa wa haki, kwa sababu niliubuni mimi. Nilijiuliza: ni wapi hasa bastola ya siri hujulikana? Jibu lilikuwa mbele yetu miaka yote. Watu wa Larkspur hawaridhiki na kupeana mikono. Kanisani, dukani, mazishini, ukikutana na mtu unamkumbatia, unampigapiga mgongo, na hapo ndipo mkono wako unapokutana na chuma. Basi tukaanzisha Jaribio la Kukumbatiana. Mama Ardith Tackett, aliyekuwa akikumbatia waumini mlangoni mwa kanisa la Wabaptisti tangu mimi nabebwa mgongoni, aliapishwa kuwa Mkumbatiaji Mkuu wa Kaunti. Tulimpa beji. Tukampa na kiti cha magurudumu ili magoti yake yapumzike kati ya idara na idara.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo kupita matarajio. Idara ya Barabara ilikumbatiwa yote, hakuna kilichohisiwa. Idara ya Maji, hakuna. Mkuu wa Zimamoto, mtu mnene anayevaa fulana ya kubana, hakuna kabisa. Mimi mwenyewe nilipata alama ya juu, na Mama Ardith akasema nimekonda, nile. Jaji alikumbatiwa mbele ya wapiga picha. Mama Ardith alimshika, akasita, akamshika tena.

"Hapa pamekaza, Royce," alisema, "lakini bastola sisikii."

"Umesikia hilo, Denton?" Jaji akanigeukia. "Andika. Huo ndio ufichaji."

Niliandika. Serikali nzima ilikuwa imejizatiti na haionekani. Aliyefeli alikuwa mmoja tu.

"Pole mwanangu," Mama Ardith alimwambia Bi Wynona akiwa bado amemkumbatia. "Nimeisikia. Ni kubwa, tena ya moto."

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu, Floyd," alisema Bi Wynona. "Siku yule mtu aliyekuja kusajili trela alipolivunja dirisha langu kwa nyundo, nyinyi nyote mlitorokea mlango wa nyuma. Tangu hapo naibeba."

Nilimweleza kwamba historia ya mtumishi si kigezo. Kigezo ni kutuna. Alipewa nafasi ya kujirekebisha, nami kama Katibu nikaongozana naye hadi kwa Dub Kessler, ambaye duka lake linauza bastola, chambo cha samaki na kofia, na asubuhi huuza maandazi ya mayai.

"Nataka ndogo, Dub," alisema Bi Wynona. "Ya kukaa nayo kutwa kwenye kiti, niiname, niinuke, nikumbatiwe, na mtu asijue."

"Na kupiga je?"

"Ikibidi."

"Basi habari ya kupiga tuiache kwanza. Siku hizi hawaniulizi hilo." Dub alitoa kabatini bastola inayoenea kiganjani. "Hii hapa. Ukiivaa, mama, utaisahau."

"Nikiisahau nitaiacha chooni. Si ndivyo alivyofanya mkaguzi wa visima?"

Dub alikohoa, akairudisha. Akatoa nyingine, nyembamba, kingo zake zimesuguliwa zisikwaruze ngozi. Bi Wynona aliipima mkononi. Aliipenda, niliona.

"Hiyo ni starehe tupu kuivaa," alisema Dub. "Ila nisikudanganye. Ukiifyatua utadhani nyumbu amekupiga teke mkononi. Zote ndogo ndivyo zilivyo. Ukitaka mkono ustarehe, chukua kubwa, halafu kiuno ndicho kitakachokoma."

"Kwa hiyo nachagua wapi paniume?"

"Ndiyo biashara yenyewe, mama."

Alijaribu kila mahali ambapo mwili wa binadamu unaruhusu, na maelezo haya nayatoa kwa faida ya watumishi wengine. Kifundoni, chini ya soksi: alitembea kati ya friji ya chambo na rafu ya kofia akiwa anachechemea, na Dub akamwambia anaonekana kama mtu aliyetoroka jela. Mgongoni: alipokaa, kiti kililia na yeye akalia. Chini ya titi: alishindwa kuvuta pumzi, jambo ambalo mwenye pumu hawezi kulipuuza. Mbele, chini ya kitovu: alisimama vizuri, akatembea vizuri, alipoinama kufunga kiatu akasema neno ambalo sikutegemea kulisikia kwa mwimbaji wa kwaya. Hata hivyo mbele ndipo palipokuwa na nafuu. Alinunua ile nyembamba, ala yake ya ngozi laini, na blauzi pana yenye maua. Dub alifungua mikono amkumbatie aone kama inahisika.

"Usimguse," nilimwonya. "Hujaapishwa."

Bi Wynona alifanya kila alichoweza. Alijizoesha kukaa bila kukunja tumbo. Aliacha kuinama, kitu kikianguka dirishani alikisukuma kwa mguu mpaka kwenye ukuta. Alipopumzika alisimama wima karibu na mlango kama mlinzi wa benki, kumbe ni kiuno kinamuuma. Nilimwonea huruma, nakiri, lakini huruma haina kifungu kwenye kanuni.

Jaribio la mwisho lilipangwa Jumamosi mchana, kwenye tafrija ya kaunti, katika nyasi mbele ya jengo la utawala. Jaji alitaka umma uone. Nyama ya kidari ilikuwa imefukizwa moshi tangu jana yake, maharage yapo, saladi ya viazi ipo, chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno ipo. Watu walikuja, hata wa kaunti ya jirani, na kamera zao, nikawatambua kwa namna walivyokuwa wakicheka kabla ya lolote kutokea.

Mama Ardith alijisukuma kwa kiti chake hadi mbele, akasimama, akamkumbatia Bi Wynona kwa muda mrefu. Alimkumbatia kama anayetamani asisikie. Kisha akatikisa kichwa.

"Ni ndogo mno, mpenzi. Nzuri sana. Lakini ipo."

Bi Wynona alifumba macho. Jaji alishika kipaza sauti, akapapasa koti lake la kijivu.

"Ndugu wananchi, hili haliniletei furaha," alisema, na uso wake ukawa na furaha. "Lakini wenzake wote wameweza. Barabara wameweza. Maji wameweza. Starehe ni suala la kujituma. Bi Wynona, dampo linakungoja Jumatatu."

"Mheshimiwa, naomba kuuliza," alisema Bi Wynona. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia kumwambia mtu kwamba namba yake ya gari imekwisha muda. "Wewe umechagua ipi?"

"Nini?"

"Bastola. Mimi na kifua hiki, lile vumbi litaniua, na unajua. Nimejaribu kifundoni, nimejaribu mgongoni, kitovu changu kina kidonda. Na wewe unakaa kwenye kiti kutwa kama mimi, unakula, unainama ukicheza gofu, na haisikiki. Niambie tu ni ya aina gani na unaivaa wapi, nikanunue hiyohiyo leo kabla Dub hajafunga."

"Hiyo ni siri ya usalama."

"Mwambie, Royce," alisema mzee mmoja mwenye sahani ya maharage. "Mwanamke anaomba msaada."

"Hata mimi ningependa kujua," alisema Dub. "Maana kwangu hujanunua."

Jaji alinitazama. Nilimtazama Mama Ardith kwa kuwa ndiye mtaalamu, na Mama Ardith, ambaye hajawahi kudanganya tangu abatizwe, alijibu kwa upole wote wa dunia.

"Mpenzi, Royce havai bastola. Anavaa mkanda wa kubana tumbo, ule wenye vishikizo. Hapana nafasi hata ya kuingiza kitambaa."

Jaji alifanya kile ambacho kiongozi hufanya akibanwa, yaani alizigeukia idara zake.

"Barabara! Waonyesheni."

"Ya kwangu inanichubua, Mheshimiwa," alisema mkuu wa Barabara, akitazama viatu vyake. "Iko kwenye gari, chini ya koti la mvua."

"Maji!"

"Juu ya friji. Nyumbani."

"Zimamoto!"

"Fulana hii haijawahi kubeba kitu, Mheshimiwa, wewe mwenyewe unaiona."

"Denton!"

Bastola yangu mimi nilikuwa nimeiacha kwenye droo ya ofisi kwa sababu za kimkakati, na nilieleza hivyo. Maelezo yangu yalipokelewa kwa kelele. Mama Ardith naye alishangaa kelele za nini. Alisema aliagizwa aseme anaposikia kitu, na kwetu sote hakusikia kitu, na ndivyo alivyosema. Ni kweli. Nilikuwa nimeandika mwenyewe.

Bi Wynona aliweka mkono juu ya maua ya blauzi yake, pale chini ya kitovu, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "niko peke yangu?"

Mzee wa maharage ndiye aliyeanza kucheka, kisha kaunti ya jirani wakapokea, kisha wapiga kura wetu wenyewe, na hao ndio waliocheka vibaya zaidi. Habari ya dampo ilifutwa papo hapo na watu wenyewe. Mtu mmoja alimvutia Bi Wynona kiti, mwingine akamletea sahani, na Dub akamwambia aivue ile ala na kuifungia dukani kwake mpaka amalize kula, naye akasema asante, lakini hapana.

Hapo ndipo Jaji Haverty alipoanza kuangaza macho. Gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya nyasi, na kati yake na gari palikuwa na kaunti nzima: wenye trela aliowapandishia kodi, wenye baa alizozifunga, yule wa nyundo naye yupo, ameshika ubavu wa nyama. Wote hao tangu uchaguzi walikuwa wakimwogopa kwa ajili ya kilichomo ndani ya koti. Sasa walijua kilichomo. Na wao, kwa kuwa ni raia wa kawaida wasio na Kamati, walikuwa wamebeba za kwao. Nadhani hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanakula tu. Lakini walikula wakimtazama.

Jaji alimsogelea Bi Wynona, akainama kadiri mkanda ulivyomruhusu.

"Bi Wynona, mama," alinong'ona. "Unisindikize hadi kwenye gari."

"Nikimaliza kula, Mheshimiwa."

Akavuta kiti, akaketi karibu naye. Mimi nikaketi karibu na Jaji, Barabara wakaketi karibu nami, na Maji, na Zimamoto, serikali yote ikawa mahali pamoja. Jua lilikuwa kali. Tulisubiri kwa utulivu, tukimtazama akitafuna. Alipomaliza nyama yake aliweka uma chini, akapangusa mdomo, akainuka polepole bila kukunja tumbo, nasi sote tukainuka.

Akaenda kuongeza maharage.