Ruhani Aliyesema "Takula"

Kamaludin alishuka Amu akiwa na viatu vya ngozi, saa ya mkononi, pete ya fedha, na jina lililokwisha kuharibika Tanga na Mombasa. Hajamaliza kupanda ngazi za gati akaona jambo lililomfanya asimame. Wapagazi wawili walikuwa wakigombania gunia la mtama, na ugomvi wenyewe walikuwa wakiutoa kwa mashairi. Mmoja wao akakosea kina. Watu wakamzomea mpaka akaliachia gunia kwa aibu.

"Mji huu," Kamaludin akajiambia, "watu wananunua maneno."

Hapo hakukosea. Alichosahau ni kwamba anayenunua huanza kwa kupima.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na biashara ya hirizi ilikuwa tayari ina wenyewe. Kamaludin akapanga chumba cha ghorofani, akajifungia siku tisa, akatoka na kitabu cha tenzi kwa herufi za Kiarabu. Alisema si chake. Yeye ni kalamu tu. Aliyemsomea ni ruhani aitwaye Famau, mzaliwa wa Pate, aliyetoweka baharini miaka mia nne iliyopita, na sasa anateremsha ufunuo kutoka mbingu ya tatu. Alichagua ya tatu, maana kuitaja ya saba aliogopa masheikh.

Ruhani wa Pate hawezi kusema Kiswahili cha Tanga, na hilo Kamaludin alilijua. Alikuwa amewahi kulala nyumba moja na mabaharia wa Amu, akashika kwamba njia kwao ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato. Basi akajitungia kanuni: kila penye *nj* atie *nd*, na kila penye *ch* atie *t*. Aliitia kanuni hiyo kitabu kizima, bila huruma.

Maskini hakujua kwamba kuna *ch* ambazo Waamu hawazigusi. Chai kwao ni chai. Chakula ni chakula. Na ukimwambia Mwamu "takula", amesikia "nitakula".

Nakala zikazagaa. Kila msomaji aliambiwa alete jawabu lake kwa maandishi, pamoja na shilingi moja ya wino, maana ruhani hapendi kusomwa kimya kimya. Majawabu yakaja. Ridhwani, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliandika: "Ubeti wa kumi hauna kina wala mstari wa nne, na mstari wa pili una mizani saba. Mwambie ruhani aongeze moya." Watu wa kisiwa cha Ndau waliandika kwamba kitabu kimewafaa sana, karatasi yake hailoi upesi, tafadhali waletewe kingine wafungie samaki. Bwanamkuu, mchuuzi wa kamba wa baharini kutoka Kizingitini, aliuliza swali moja tu: "Kwa kuwa ruhani alipotelea baharini, kamba wakubwa mwezi huu wa wapi?" Ajuza mmoja wa mtaa wa Langoni aliuliza kwa nini ruhani anawaamrisha kila asubuhi wanywe tai. Yeye ana miaka themanini na hajapata kumwona tai akamuliwa.

Kamaludin alisoma yote akatabasamu. Mtu akikukosoa kwa shilingi moja, shilingi umeipata.

Lakini hakuja Amu kwa shilingi. Alikuja kwa ule ubeti wa kumi, nao ulisema hivi:

*Leteni zenu dhahabu,
takula ta ruhani,
mara saba zitarudi.*

Alikusudia chakula cha ruhani. Mji mzima ukasoma kwamba ruhani anaagiza dhahabu na anakiri kwa kinywa chake kwamba ataila.

Ungedhani hapo ndipo mchezo ungekwisha. Nami ningedhani hivyo, lau nisingemjua Bwana Mahmud. Huyu alikuwa na duka la nguo, nyumba ya ghorofa mbili, na tamaa isiyoenea humo mote.

"Huyu ni mkweli!" alimwambia mkewe, Bi Hadia, akitikisa karatasi. "Wangapi wametula bila kutwambia? Huyu asema mapema: takula. Kisha zarudi mara saba!"

"Akisha kula, zarudi kwa ndia gani?" Bi Hadia akauliza.

"We mwanamke, usiteke mambo ya roho."

"Siteki. Nauliza ndia tu."

Lakini moyoni Bi Hadia hakuwa na kicheko hata kidogo. Binti yao Esha alikuwa anaolewa mwezi ule, na dhahabu aliyoikusudia Mahmud ilikuwa kidani cha Esha, alichoachiwa na nyanya yake. Bi Hadia alikwisha kulia, akakataa, akasusa kupika. Mahmud alimjibu kwamba bibi harusi mwenye vidani saba hatamlaumu baba yake. Kidani kikitoka nyumbani, Esha ataingia kwa mumewe shingo tupu, na wifi zake watamkumbusha mpaka azeeke.

Usiku huo Bi Hadia alikisoma kitabu cha ruhani mwanzo hadi mwisho. Asubuhi yake alikuwa anaimba.

Siku ya Jumatano, baada ya sala ya alasiri, watu walijaa nyumbani kwa Mahmud. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake nyuma ya pazia. Katikati alikaa Kamaludin na sanduku la bati, na safari hii ruhani angesema kwa kinywa chake. Shilingi za wino zilikuwamo tayari; vipuli, pete na bangili navyo vilikuwa vimekwisha kuingia. Sanduku lingefungwa siku saba, na Kamaludin aliazimia kwamba siku sita kati ya hizo zimkute Mogadishu. Mahmud alisimama na kidani mkononi.

Nyuma ya pazia ukatoka ukelele.

"Famau! Famau wangu!"

Pazia likafunguka. Akatoka Bi Hadia, amejigubika buibui kutoka kichwani mpaka miguuni, anatetemeka kama mwenye homa.

"Mimi ni Mwanamkisi wa Pate," akasema kwa sauti nzito, "mke wako, Famau! Uliniata siku ya harusi, uso wangu haujafunuliwa. Mtele wangu u motoni miaka mia nne. Nimesoma chuo chako hiki cha tenzi. Wasema takula! Yeo ndoo ule!"

Watu wakasogeana kumpisha. Mahmud akakaa chini, kidani kingali mkononi.

Kamaludin alikuwa ameona mengi maishani, lakini hajapata kuona mke wa uongo wake mwenyewe. Akafumba macho, akajitolea sauti ya ruhani. "Mwanamke huyu... simkumbuki."

"Hanikumbuki!" Bi Hadia akawageukia watu. "Kila mtu wa Pate amuyua mke wa Famau. Asiyemkumbuka mkewe si Famau. Basi huyu n'nani aketiye hapa na dhahabu zenu?"

Bwanamkuu wa Kizingitini akasimama. Alikuwa mtu mpana, na tangu mwanzo hakupenda kwamba swali lake la kamba halikujibiwa.

"Namkumbuka!" Kamaludin akasema haraka. "Namkumbuka sana."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Hadia, akashika ncha ya buibui. "Basi nifunue uso wangu. Kipa mkono changu ki wapi?"

Hapo nyumba nzima ikaitikia. Ruhani au si ruhani, hakuna mume wa Amu wala Pate aliyewahi kuuona uso wa bibi harusi bila kumpa zawadi yake mkononi. Hata mwalimu Ridhwani, aliyekuja kwa ajili ya mizani tu, alitikisa kichwa kukubali.

Kamaludin akavua pete yake ya fedha.

"Pete moya? Miaka mia nne?"

Akavua saa.

"Wanawake wa Amu," Bi Hadia akauliza, "nifunue?"

"Usifunue!" wakapiga kelele nyuma ya pazia.

"Nakuacha!" Kamaludin akafoka. "Talaka!"

"Vema. Kadhi hajafunga ofisi. Twende sote, ukaitoe talaka mbele yake kwa jina lako na la baba yako."

Kamaludin alikuwa na sababu saba za kutokwenda kwa kadhi, zote ni kesi alizozikimbia Mombasa.

"Mpe sanduku!" Bwanamkuu akanguruma.

Akampa. Vigelegele vikapasua dari. Mahmud, akiwa hajui tena ni harusi ya nani, akasimama na kumvisha bibi harusi kidani shingoni awe wa kwanza kumtuza. Bi Hadia akazunguka mara tatu, akaanguka juu ya sanduku, na alipozinduka akaomba maji, akauliza watu wote hawa wamekuja kufanya nini.

Kesho yake kila mwanamke alirudishiwa vyake, vimefungwa ndani ya kurasa za ufunuo. Bi Hadia alieleza kwamba Mwanamkisi amemjia ndotoni na kusema havai dhahabu ya watu. Pete, saa na shilingi za wino Mwanamkisi hakuzisema, basi Bi Hadia alizinunulia kitanda cha Esha.

Kamaludin alimngoja pembeni ya duka, viatu mkononi.

"Bi," akanong'ona, "mimi na wewe tukienda Unguja pamoja, mwaka hauishi tutakuwa matajiri."

"Siwezi kusafiri na mwanamume, bwana. Nna waume wawili." Bi Hadia akajifunga buibui vizuri. "Lakini Bwanamkuu yuwakutaka. Atakutukua kwake bure, umwonyeshe kamba walipo."

Nasikia alipigishwa mbizi Kizingitini miezi mitatu, na kwamba mwishowe kweli aliwajua kamba.

Esha aliolewa na kidani chake, na wifi zake hawakupata la kusema. Ila Bwana Mahmud alibadilika. Alikuwa amefikiri mambo yale hatua kwa hatua, akaona kwamba ikiwa Mwanamkisi amekaa ndani ya mkewe, basi Famau naye ana haki ya kuja kumzuru saa yoyote. Tangu hapo hakuthubutu kuingia chumbani mwake mwenyewe bila kupiga hodi mara tatu. Na Bi Hadia hakuitikia mpaka amalize kutafuna tambuu yake.