Ombi la Kusimamisha Ukwe Kila Jumamosi Asubuhi

Kwa Mama Mkwe,
Nyumba ya juu kilimani, geti la bluu.

Mama mheshimiwa, shikamoo.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA UKWE KWA MUDA, KILA JUMAMOSI, KUANZIA ALFAJIRI HADI SAA NNE ASUBUHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Samahani kwa kukuandikia kama ninavyowaandikia wateja wa idara ya maji waliokatiwa huduma, lakini mimi ni karani, Mama, miaka nenda rudi, na barua ya namna nyingine sijui hata inaanzia wapi. Shikamoo hiyo hapo juu naomba uipokee kwa uzito wake wote, maana ni limbikizo. Ndani yake mna shikamoo za Jumamosi zote tangu mvua zilipokata, ambazo nilipaswa kukupa ana kwa ana nikashindwa, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwanza nikiri. Yule mtu wa baiskeli anayepita getini kwako kila Jumamosi kama mwizi wa kuku ni mimi. Usimlaumu mwingine. Sina ugomvi na wewe. Najiandaa kwa safari ya baiskeli ya kilomita mia mbili, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, itakayofanyika mwezi ujao, mimi na wenzangu wa chama chetu. Najua utauliza huko tunakokwenda tunafuata nini. Hatufuati kitu, Mama. Tunafika, tunakunywa maji, tunageuza. Binti yako aliponiuliza swali hilo hilo nilimjibu hivyo hivyo, akaniangalia weee, kisha akaenda zake kuanua nguo.

Lakini nina miaka arobaini na minne, kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni, na katika maisha yangu sijawahi kumaliza jambo lolote la kumfanya mtu aseme "kumbe!" Hii safari naitaka. Naitaka kuliko cheo.

Sasa, barabara ya lami isiyo na vurugu mjini kwetu ni moja, kilima cha maana ni kimoja, na juu ya kilima hicho ndipo Marehemu Baba Mkwe, Mungu amlaze pema, alipoona panafaa kujengwa. Geti akalielekeza barabarani. Marehemu hasemwi vibaya, nami simsemi.

Jambo limekuwa kubwa. Shemeji, huyu mwanao wa kwanza, ameitisha kikao cha familia Jumapili ijayo, na ajenda ni moja tu: mimi kukudharau. Binti yako naye ameniambia nichague, ama nisimame getini kwa mama yake kama binadamu, ama baiskeli iuzwe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ufagio. Kila nikitokeza kwenye kona, wewe uko nje ya geti unafagia. Si ndani, nje. Na unafagia pale pale palipokwisha kuwa safi, mpaka nauonea huruma mchanga. Mtu aliyepanda kilima kile kwa baiskeli hana pumzi ya kusema shikamoo, Mama. Shikamoo inataka hewa. Jumamosi ya kwanza nilijaribu, ukanitoka mlio kama wa tairi lililochomwa na mwiba, basi, nikapita. Shemeji kasikia habari hiyo, akatangaza kwa ndugu wote kwamba nilikusonya. Sikukusonya. Nilikuwa nakata roho.

2. Vazi. Hapa naomba uketi. Waendesha baiskeli wa safari ndefu huvaa kaptura nyeusi ya kubana, tena inabana kiasi kwamba mtu akinywa maji unaona yanakopitia. Na sehemu ya kukalia ina sponji nene, ambayo adabu hainiruhusu kuieleza zaidi katika barua inayokwenda kwa mkwe. Bila sponji hiyo mtu hakai ofisini mpaka katikati ya wiki. Sasa mimi, niliyekuja kwenu kuposa na suti na tai, nikakaa kwenye ncha ya kiti siku nzima bila kuegemea, leo unione katika hali ile? Nimejaribu suruali, ikanaswa na mnyororo, nikaingia mtaroni. Nimejaribu koti refu la mvua, likajaa upepo, wenzangu wakaniita Mwamvuli, na jina limegoma kutoka. Hata ofisini limefika. Bosi amelitumia kwenye mkutano.

3. Kusindikizwa kwa macho. Nikishapita, huingii ndani. Wasimama pale na ufagio wako, uso umeuelekeza kwangu, mpaka nipotee. Mama, baada ya kilima kuna tambarare, na kwenye tambarare mwendesha baiskeli huinama, kichwa mbele na mgongo chini, ili akate upepo. Kinachobaki kuonekana kwa aliye nyuma, nakuachia mwenyewe. Mungu amekujalia macho makali kwa umri huo, nami namshukuru, ila sioni kwa nini yamalizikie kwangu.

4. Kasi. Kwa heshima yako niliona nifupishe aibu, kwa hiyo nikikaribia geti nakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote. Wenzangu kumi walio nyuma, kuona natimka, wakadhani kuna mbwa. Nao wakatimka. Sasa imekuwa desturi, na hakuna anayekumbuka ilianzaje. Kiongozi wetu, tunayemwita Injini, anasema hakuna mahali tunapokimbia kama hapo. Yule mwenzetu muuza dawa alitapika kwenye maua yako. Kama umejiuliza yamekaukia nini, ndiyo hiyo. Haya, wanaume kumi na mmoja wazima wakipita mbio mbele ya nyumba ya mjane, macho yamewatoka pima, majirani wafikiri nini? Wameshafikiri. Fundi cherehani wa pale chini anawaambia wateja wake kwamba nyumba ile ina kitu. Watu wameanza kuvuka ng'ambo wakifika kwako. Kwa hiyo, ukiangalia vizuri, anayedhurika hapa ni wewe, na barua hii naiandika kwa faida yako.

5. Chai. Umemwambia binti yako kwamba kila Jumamosi unaniwekea chai. Chai! Nikae wapi, Mama? Kwenye makochi yale yenye vitambaa ulivyofuma kwa mkono wako? Na sponji limelowa jasho? Hapana jamani.

Nimepima njia za kulimaliza jambo hili. Mwanzo nilitaka tu ufagie kwa ndani. Kisha nikaona heri geti ligeuzwe liangalie nyuma, bondeni. Nikamtafuta mwashi, akaja akapaangalia, akasema geti likikaa huko utakuwa unatokea hewani. Nikawaza nyumba nzima ihame, lakini nikaona ni kuwasumbua kuku. Ndipo siku moja, nikiwa mezani kwangu nagonga mihuri, nikagundua kwamba tatizo si ufagio, si geti, wala si kaptura. Tatizo ni ukwe. Usingekuwa mkwe wangu, wewe ungekuwa mama mmoja anafagia, mimi ningekuwa mwehu mmoja anapita, na kila mtu angeendelea na hamsini zake.

Kwa hiyo naomba rasmi ukwe wetu usimamishwe kila Jumamosi kuanzia alfajiri hadi saa nne, kama tunavyofunga maji ya mtaa kwa ajili ya matengenezo, kisha huduma irejee kama kawaida. Katika muda huo utakuwa mwananchi. Ruksa kunicheka, ruksa hata kunirushia neno. Nikianguka, unaweza kuniinua kama ungemwinua yeyote. Nikifa kabla ya saa nne, utanililia kidogo, kama mpita njia, na saa nne ikigonga uanze kunililia kama mkwe. Wajukuu zako hawahusiki na zuio hili, kwa kuwa hawaendeshi.

Sitakuficha, binti yako ameisoma rasimu ya barua hii. Akauliza, kama mama yake si mkwe wangu hadi saa nne, yeye ni nani wangu hadi saa nne? Nikamjibu kwamba suala hilo liko kwenye mchakato. Hakucheka. Amechukua blanketi amehamia chumba cha watoto, na amesema atarudi mchakato ukikamilika. Hivyo naomba jibu lako kabla ya kikao, Mama, maana blanketi lilikuwa moja.

Nakutakia afya njema na mikono yenye nguvu, ila isiyofagia sana. Nisalimie Shemeji, ingawa ndiye aliyeitisha kikao. Nisalimie jirani yako wa kushoto, kama bado anapita upande wenu, na jogoo wako, na wote wanaoniulizia, pamoja na wale ambao hawajawahi kuniulizia hata siku moja.

Ni mimi mkweo mtiifu (isipokuwa katika muda uliotajwa),

Karani wa Maji, almaarufu Mwamvuli

Nakala: Shemeji, kwa taarifa. Injini, kwa utekelezaji.

NYONGEZA, Jumamosi jioni.

Mama, leo asubuhi niliwaacha wenzangu watangulie. Nia yangu ilikuwa kuipenyeza barua hii chini ya geti na kutoweka. Nikaipenyeza. Kuinuka tu, paja likakaza, nikaliangukia geti, nalo kumbe halikufungwa, nikajikuta nimelala chali uani kwako na kaptura yangu yote. Nikatambaa nikajificha nyuma ya tangi la maji. Ukatoka, mkono mmoja una ufagio, mwingine unapapasa ukuta, ukafagia kidogo pale getini. Ukaenda moja kwa moja hadi kwenye shuka lililoanikwa kambani, ukasimama mbele yake, ukaliambia karibu mwanangu, mbona leo unahema kuliko siku zote?

Nikatoka nyuma ya tangi, nikakushika mkono, tukaingia ndani.

Hujawahi kuiona hiyo kaptura. Hata mimi mwenyewe hujaniona tangu mwaka jana. Umenieleza, huku chai ikipoa, kwamba unanijua kwa kuhema tu, kwa sababu hakuna mwingine anayehema hivyo mtaa mzima; na kwamba nikiondoka hunitazami, unanisikiliza mpaka niishe. Zamani walikuwa wanapita watu wengi karibu na geti wakikujulia hali, lakini siku hizi hujui wamepatwa na nini. Mimi najua wamepatwa na nini, Mama. Nilitamani ardhi ipasuke. Na hayo ya dharau wala si yako. Wewe ulimwambia Shemeji kwa furaha kwamba mkweo anapita kila Jumamosi. Mengine ameyapika mwenyewe.

Kisha ukakumbuka kwamba ufagio wako ulikuwa umegusa karatasi getini. Ukaenda ukaileta, ukanipa nikusomee. Nikafungua nikasoma: Mama mheshimiwa, shikamoo. Ukasema endelea. Nikasema imeishia hapo. Ukaipima bahasha kwa vidole, ukasema salamu fupi hivyo, bahasha nene ya nini?

Nilipotoka kwako nilikwenda hospitali ya macho na mavazi yale yale, wakanihudumia haraka ili niwaondokee. Muuguzi, baada ya kunisikiliza, amesema inaelekea ni mtoto wa jicho, na kama ndiye, anatolewa na mtu anaona vizuri tu. Daktari wa upasuaji anatoka mbali, na siku anayokuja ni Jumamosi ile ile ya safari yetu. Nimeandikisha jina lako. Injini nimemwambia waende, akaniuliza nimepatwa na nini, nikasema ni mambo ya familia. Nilisukuma baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani, na sitakudanganya, roho iliniuma. Ila sikugeuka nyuma kufuta jina.

Siri yako ninayo. Umesema Shemeji akijua kabla hujatibiwa atakuhamisha kutoka nyumba ya mumeo, basi hatajua. Kesho kikaoni nitakubali kila kitu, kusonya nilisonya, kudharau nilidharau, na atanisema mpaka achoke. Niliyemwambia ni binti yako peke yake, kama tulivyokubaliana. Alilia kwanza. Halafu akarudisha blanketi.

Ombi lote la hapo juu nimelifuta. Barua sitaichana, wala sitaki usomewe na mtu. Kesho naiweka chini ya redio yako, ukae nayo mpaka uweze kuisoma mwenyewe. Na ukiwa umeufikia mstari huu kwa macho yako, Mama, basi shikamoo, na usinitafute wiki mbili hizi. Naona haya.